Kabla ya kuitunuku nyumba ya Mji wa Kale, igonge ukuta

Panapotajwa utunzaji wa nyumba za kale Mombasa, macho hukimbilia rangi. Nyumba iliyopakwa juzi ikawa nyeupe pepepe, mlango unang'aa vanishi, ndiyo hupigwa picha. Kamati ya mtaa inayotaka kuwatuza wenye nyumba waliohifadhi vizuri, ikifuata rangi, huenda ikampa tuzo aliyeharibu na kumruka jirani yake aliyefanya kazi ya maana.

Nendeni mara mbili. Safari ya kwanza iwe Februari, jua la kaskazi likiwa kali, mpige picha na kuandika vipimo. Ya pili iwe Juni, masika yakishapita. Maksi zitolewe Juni, kwa kuwa ukuta uliotengenezwa ovyo hausitiriki baada ya mvua.

Anzieni chini, pale ukuta unapokutana na njia. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na matumbawe hufyonza maji ya ardhini kama sifongo. Chokaa huyaacha yatoke nje yakauke. Simiti huyafungia ndani. Basi mtu akiona plasta ya chini inamomonyoka, huita fundi ampigie mkanda wa simiti wa mita moja, na kwa mwaka wa kwanza hupendeza. Maji hayana pa kutokea, yanapanda. Juu ya ule mkanda utaona mstari mweupe wa chumvi, rangi imevimba malengelenge, na ukiipitishia kidole inadondoka unga. Chumvi ikikauka ndani ya tumbawe hujenga chembe zinazolipasua jiwe lenyewe. Nyumba yenye mstari huo isipate tuzo ya ukuta hata ikiwa na roshani ya kupigiwa mfano.

Majaribio ni mepesi. Gonga kwa kifundo cha kidole kila hatua moja: mlio wa debe tupu maana yake plasta imeachana na jiwe. Kisha, kwa idhini ya mwenyewe, rushia kijiko cha maji mahali pakavu. Plasta ya chokaa iliyopakwa chokaa huyanywa papo hapo. Yakiteremka kama juu ya kioo, hapo pana simiti au rangi ya plastiki. Mwulizeni fundi kazi ilichukua muda gani. Plasta nzuri ya chokaa hupigwa tabaka tatu, kila moja kama sentimita moja, chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, na kila tabaka hufunikwa magunia yenye unyevu lisikaushwe na jua likapasuka. Mchanga usiwe wa ufukweni, kwani huo unaingiza chumvi ile ile mnayoikimbia. Aliyemaliza ukuta mzima kwa siku mbili hakupiga chokaa, au aliipiga vibaya.

Halafu pandeni juu. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba: kwa kuwa hazivuki mbali, vyumba vingi vya kale havizidi mita tatu. Boriti hasa ina unene wa sentimita 11.5 hadi 13.5, nyembamba zaidi ni mazio, kisha pau. Huoza ncha, ile sehemu iliyoingia ukutani, hasa chini ya pembe ambapo mfereji wa paa unavuja. Chomeni kwa bisibisi hapo, msiishie kutazama katikati. Aliyebadilisha boriti tatu zilizooza akaziacha kumi na saba nzima anastahili maksi nyingi kuliko aliyeng'oa zote akamwaga zege. Zege ni zito kwa kuta hizo, na hewa ya bahari huvishikisha kutu vyuma vyake, vikafura na kulipasua.

Kwenye mbao, tazameni kilichobaki kabla ya kilichoongezwa. Mfaa, ule mti wa katikati, wa mlango wa nakshi ukiwa ule ule, hata umechakaa, una thamani kuliko mlango mpya ulioigizwa. Kiraka cha mbao ngumu kilichoungwa vizuri kisihesabiwe kasoro. Mashine ya kiyoyozi iliyoning'inizwa kwenye roshani ihesabiwe, na waya pia.

Katika maksi 100, tungetoa 40 kwa kuta na paa, 25 kwa mbao, 15 kwa mpango wa ndani (baraza, daka yaani ukumbi wa mlangoni, na zidaka yaani vishubaka vya ukutani, havikuzibwa), na 20 kwa matunzo ya kila mwaka. Hizo 20 ndizo kamati husahau. Kuzibua mifereji kabla ya masika na kupaka chokaa upya hakupigwi picha, lakini ndiko kunakoiweka nyumba. Msishindanishe jumba la mfanyabiashara na kijumba cha bibi mwenye vyumba vitatu vya kupangisha; wekeni mafungu, na misikiti iwe na lake.

Kamatini wawemo wanawake wawili angalau. Nyumba hizi zina sehemu za ndani ambazo mwanamume mgeni hapigi hodi, na huko ndiko boriti mbovu zinakojificha.

Zawadi nayo iwe ya kutumika: magunia ya chokaa, boriti, siku kumi za mwashi. Kikombe hakizibi paa. Na jueni mipaka yenu: eneo hili linahifadhiwa kisheria, kwa hiyo aliyebadilisha uso wa nyumba bila kibali asiingizwe orodhani, kazi iwe nzuri vipi.

Mkiweka kibao, kiandikwe jina la mwashi na la seremala pamoja na la mwenye nyumba. Mwaka wa ujenzi usiandikwe ila una hati. Kikazwe kwa skrubu za shaba kwenye kiungo cha chokaa, si kwenye jiwe. Misumari ya chuma itatoa kutu, na masika ya pili tu mtaona machozi mekundu yakiteremka kwenye ukuta mliousifu.