Mwalimu wa Kuchora Ajibu: Kikombe, Punda na Rangi ya Tope

Mengi ya maswali safari hii yametoka kwa walimu wa sekondari msingi waliotwishwa somo la sanaa ilhali wamesomea mengine. Nimeyafupisha.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa hisabati, nimepewa gredi ya 7 niwafundishe kuchora. Kikombe nilichowawekea mezani wote wamekichora mdomo mviringo, kitako kimenyooka kama rula. Nimekosea wapi? (Mwalimu, Malindi)

Marahaba. Hujakosea. Mtoto anajua meza imenyooka, basi na kitako anakinyoosha. Anachora anachokijua, macho yamepumzika.

Tafuta kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Kiinue mpaka mdomo uwe sawa na macho yake: ataona mstari tu. Kishushe polepole. Mdomo unafunguka, kwanza mwembamba kama jicho la mwenye usingizi, halafu unazidi kuviringika. Sasa muulize: kitako kiko chini zaidi ya mdomo, je, mviringo wake utabana au utafunguka zaidi? Watanyamaza kidogo, kisha mmoja atasema utafunguka. Somo ndilo hilo, na chaki hujaigusa.

Halafu wewe wa hisabati una mtaji wako: uwiano. Anyooshe mkono na penseli, afumbe jicho moja, apime kwa kidole gumba upana unaingia mara ngapi kwenye urefu. Kiwiko kikikunjwa tu, kipimo kimeharibika. Na vifutio vikusanye. Mstari uliokosewa ubaki, wa pili uchorwe pembeni yake. Bila wa kwanza atajuaje amekosea kiasi gani?

Binti yangu wa gredi ya 8 anapenda kuchora punda, lakini miguu inatoka kama ya meza. (Mama, Langoni, Lamu)

Mama, kwenu hapo punda wa kutazama hawakosekani. Mwambie aache miguu, achore uwazi ulio katikati ya miguu, lile umbo la hewa chini ya tumbo. Hewa haina jina wala sura aliyoizoea, itambidi aitazame. Na kile anachodhani ni goti la nyuma lililokunjika kinyume, ni kifundo. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Mimi mwenyewe nilichelewa kulijua hilo kuliko ninavyopenda kukiri.

Baba wa mwanangu hataki achore nyuso za watu. Atabaki nyuma? (Mzazi, Mkomani, Lamu)

Hukumu yake ya dini mwulizeni mwalimu wa chuoni. Kwa upande wa ufundi, habaki. Mpe bikari. Achore duara, kisha bila kubadili upana wa bikari apige alama kuzunguka ukingo: zitatoka sita barabara, na akipiga tao kutoka kila alama anapata ua la petali sita. Kisha aende akatazame nakshi za milango mtaani kwenu.

Rangi zangu zote zinaishia tope. (Mwanafunzi, Shela)

Nyekundu, manjano na buluu zikikutana zote tatu, tope ndilo jibu. Kijani ni manjano na buluu. Ukikitia nyekundu umeshazikutanisha. Weka mikebe miwili ya maji, mmoja wa kuoshea burashi, mmoja wa kuchanganyia. Anza na manjano, buluu iingie kwa ncha ya burashi, maana buluu huimeza manjano. Lakini tope usilimwage lote. Ukuta wa mawe ya matumbawe ulionyeshewa miaka utaupaka rangi gani?

Shule haina pesa za vifaa. (Mwalimu, Mokowe)

Penseli moja ya HB, moja ya 4B iliyo laini na nyeusi zaidi, na kaa la jikoni. Kitambaa ndicho kifutio cha kaa.

Nikichora kichochoro, nyumba zinaonekana kuanguka. (Mwanafunzi, Lamu)

Kwanza chagua pa kusimama. Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, unapinda, utakutesa. Tafuta kichochoro kifupi kilichonyooka, chenye wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia, mbele yako. Weka nukta moja ukutani, usawa wa macho yako, kule mwisho. Mistari iliyo juu ya macho inateremka kuelekea hapo, iliyo chini inapanda. Pembe za kuta zinasimama wima, hizo usiziinamishe. Ndizo zinazokuangushia nyumba. Ukikaa barazani, nukta nayo inashuka nawe. Kwa hiyo jua likikuhamisha mahali, chukua karatasi nyingine.