Tulipata alama 91 na bado tukazama: namna kampuni ndogo za uhandisi zinavyoweza kujilinganisha kwa usalama wa mtandao

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja mhandisi, ambaye anaendesha kampuni ndogo ya kujenga makabati ya umeme wa viwandani hapa hapa Tanga. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Mteja ametuletea dodoso la usalama wa mtandao lenye maswali 58, na nimesikia kwamba kampuni zinazolinganishwa kwa alama ni nne. Nijaze vipi ili tusishindwe?" Niliusoma ujumbe ule mara mbili nikiwa karakanani, uso ukapata joto, kwa sababu swali hilo hilo nililiuliza mimi miaka mitatu iliyopita, na jibu nililojipa ndilo lililoninyang'anya mteja niliyemhudumia kwa miaka saba. Mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha, kwa hiyo nitamjibu hapa hadharani.

Kampuni yetu ina watu tisa. Tunasuka upya mota zilizoungua, tunafunga makabati ya umeme, na tunaandika programu za vidhibiti vya mashine, yaani PLC, kwa viwanda vya mkonge, visima vya maji na mashine za kupasua mbao. Mteja ninayemkumbuka kwa uchungu alikuwa na kiwanda cha mkonge, na sisi ndio tuliofunga mfumo wake wa kuendesha mkanda unaolisha korona, yaani mashine ya kutenga nyuzi na jani la mkonge, pamoja na pampu za maji ya kusafishia nyuzi. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutuuliza lolote kuhusu kompyuta zetu, hadi siku ofisi yake ya manunuzi ilipoleta dodoso na kueleza kwamba wakandarasi wote wadogo wangepangwa kwa alama kabla ya mikataba kuhuishwa.

Sikukasirika, maana sababu ya kuuliza niliijua. Mwaka 2013 wezi waliingia katika mifumo ya maduka ya Target huko Marekani kwa kutumia nywila walizoiba kwa mkandarasi mdogo wa majokofu, wakaondoka na taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40. Fundi wa majokofu ndiye aliyekuwa mlango. Mwenye kiwanda anayesikia habari kama hiyo ana haki ya kumtazama upya kila fundi anayeingia getini na laptopu mkononi.

Kosa langu lilikuwa namna ya kujibu. Dodoso liliuliza kama tunazo nakala rudufu za programu za wateja, nikaandika ndiyo, kwa kuwa palikuwa na diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta ya ofisi usiku na mchana. Likauliza kama nakala hizo hujaribiwa, nikaandika ndiyo, ilhali hakuna aliyewahi kuifungua hata moja ili kuona kama inafanya kazi. Likauliza kama kila mfanyakazi ana nywila yake mwenyewe, nikaandika ndiyo, huku nywila moja tuliyokuwa tukiitumia sote tisa imeandikwa kwa kalamu kwenye utepe uliobandikwa chini ya laptopu ya kazi. Laptopu yenyewe ilikuwa ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, lakini tulikuwa hatuwezi kuiacha kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa ikiongea na vidhibiti vya zamani vya Siemens S7-200 vilivyojaa kwenye viwanda vya wateja wetu. Mhandisi yeyote wa kiwandani anayesoma hapa ana laptopu ya aina hiyo kabatini, na asinidanganye.

Tulipata alama 91 kati ya 100, tukawa wa kwanza. Nakiri kwamba nilijivuna. Niliutangaza ushindi ule barazani kwenye kahawa, nikauandika kwenye wasifu wa kampuni, na kuna mzee mmoja wa karakana ya kukereza vyuma, ambaye habari zake zitafuata, nilimcheka waziwazi kwa sababu alikuwa amepata 23.

Miezi minne baadaye, siku ya Jumamosi, fundi wetu mmoja alitaka kufungua kidhibiti kilichofungwa kwa nywila na mkandarasi aliyetangulia, akapakua kutoka intaneti programu ya bure inayoahidi kuvunja nywila za namna hiyo. Mtego huo unajulikana duniani: mwaka 2022 kampuni ya Dragos, inayochunguza usalama wa mifumo ya viwanda, ilieleza kwamba programu za kuvunja nywila za vidhibiti zilikuwa zikisambazwa zikiwa zimebeba virusi vya Sality. Iliyotupata sisi ilikuwa ya kuteka mafaili na kudai fidia. Ilifunga kila kitu kwenye kompyuta ya ofisi, na kwa kuwa diski ya nje ilikuwa imechomekwa kama kawaida, ikafunga na hiyo pia. Hatukulipa. Tulifuta kompyuta, tukaanza upya, tukaambiana kwamba yaliyopita si ndwele.

Siku ya Jumanne umeme ulikatika kule kwenye mkonge ukarudi kwa kishindo, na kidhibiti cha mkanda kikaungua. Kidhibiti cha akiba kilikuwepo stoo, kwani mteja yule alikuwa mtu makini. Kilichokosekana ni programu ya kukitia, na programu ile ilikuwa ndani ya diski iliyotekwa. Majani ya mkonge yakishakatwa hayangoji. Yakilazwa yanaanza kukauka na uzi wake unaharibika. Tuliandika programu upya kwa kufuata nyaya moja baada ya nyingine, kazi iliyochukua siku sita, na kila asubuhi nilipokuwa nikipita pembeni ya malundo ya majani yaliyobadilika rangi, nilikuwa sina pa kutazama. Siku ya saba meneja aliniita ofisini, akalifungua lile dodoso kwenye ukurasa wa pili, akaweka kidole na kusema taratibu, "Bwana mhandisi, hapa mliandika ndiyo." Sikuwa na neno. Mkataba haukuhuishwa.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kuhangaika tu, naiacha. Lililo na maana ni kwamba mwaka jana niliwaomba wenzangu watatu wenye kampuni ndogo za uhandisi hapa mjini tukutane siku za Jumamosi na kujilinganisha sisi kwa sisi, bila mteja na bila dodoso. Alikuja huyo mzee wa kukereza vyuma kutoka Ngamiani, akaja bwana anayefunga na kupima mizani ya malori, na akaja kijana wa kusuka mota ambaye biashara yake inakua haraka kuliko yetu sote. Chai na mkate wa kumimina nilitoa mimi, kwa kuwa mwenye deni la kumcheka mzee nilikuwa mimi.

Tuligundua mapema kwamba kutupanga katika safu moja ya alama ni upuuzi. Kompyuta ya mzee inaandika ankara tu. Haigusi mashine ya mteja yeyote, na hata ikitekwa leo hakuna mwizi atakayepita kwake kuingia kiwandani. Hatari yake ni ya namna nyingine, kwamba mtu anaweza kujifanya muuza vyuma wake na kumtumia barua pepe yenye namba mpya ya akaunti, jambo ambalo lilikuwa limekwisha mpata bwana wa mizani, aliyelipa milioni 11 kwa mtu asiyemjua kwa sababu barua ilitofautiana na ya kweli kwa herufi moja. Sisi tunaoingia ndani ya vidhibiti tunabeba hatari ya mteja mzima mgongoni. Itifaki ya Modbus, yaani lugha ambayo vidhibiti na mashine huongeleana, ambayo bado inaamrisha pampu nyingi, ilitoka mwaka 1979, na katika umbo lake la kawaida haimwulizi anayetoa amri kwamba yeye ni nani. Ukishafika kwenye waya wake, pampu inakutii. Kwa hiyo swali la kwanza katika kulinganisha kampuni mbili liwe hili: kila moja ikivamiwa, mteja anapoteza nini?

Baada ya hapo tulikubaliana kwamba hakuna jibu la ndiyo litakalopokelewa bila kuonyeshwa. Tulipiga kura kwa kuchomoa ankara za zamani, na aliyeangukiwa alitakiwa kuleta programu au mchoro wa kazi ile kwenye kompyuta nyingine, sisi tukitazama saa. Bwana wa mizani alitumia dakika 25. Mimi, pamoja na mafunzo yote niliyolipia kwa mkonge, nilitumia dakika 40. Kijana wa mota hakuipata kabisa, hadi ilipobainika kwamba ilikuwa kwenye WhatsApp ya fundi aliyekwisha hamia Dar es Salaam. Mzee aliinuka, akatupeleka kwake, akafungua kabati la chuma, akatoa mchoro uliofungwa kwenye nailoni, akaketi. Dakika nne, ukitoa mwendo wa kufika Ngamiani. Alama 23!

Simsifii kupita kiasi, kwa sababu kabati moja likiungua ndio mwisho wa michoro yote, na nilimwambia hivyo, akanuna. Lakini kampuni kubwa ya alumini ya Norsk Hydro ya Norway ilipotekwa mafaili yake mwezi Machi 2019, ilikataa kulipa, na sehemu ya viwanda vyake ikaendelea kwa kazi ya mkono na maagizo ya karatasi huku mifumo ikirejeshwa kutoka kwenye nakala rudufu. Karatasi ya mzee ina heshima yake.

Jaribio la pili liliniumbua zaidi. Kila mmoja aliorodhesha nani anaweza kuingia kwenye mifumo ya wateja akiwa mbali, kwa AnyDesk au njia nyingine. Kwangu lilitokea jina la fundi aliyeacha kazi miaka miwili nyuma kwa ugomvi wa malipo, ambaye bado angeweza kuwasha na kuzima pampu za kisima cha mteja akiwa nyumbani kwake. Hakufanya hivyo, na namshukuru kwa uungwana wake, lakini usalama wa kampuni hauwezi kutegemea uungwana wa mtu uliyemdhulumu nauli.

Sasa nikurudie wewe, dada yangu. Usiandike ndiyo kwa jambo ambalo hujaliona kwa macho yako. Kama nakala ipo, ifungue leo, uirudishe kwenye kidhibiti cha akiba, uone kama taa inawaka. Kama hujafanya hivyo, andika hapana na uweke tarehe ya kukamilisha. Diski ya nakala ichomolewe baada ya kazi, na nyingine ikae nje ya ofisi. Namba ya akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba unayoijua wewe, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Ukitaka kipimo, usitunge chako: Uingereza ina mpango wa Cyber Essentials tangu mwaka 2014, wenye maeneo matano tu ambayo hata karakana ya watu watano inaweza kuyaelewa, toleo la nane la CIS Controls, orodha ya hatua za kujilinda mtandaoni, lina hatua 153, lakini limetenga 56 za msingi kwa kampuni za ukubwa wetu, na kwa sisi tunaowahudumia wenye mifumo ya vidhibiti, iko sehemu mahsusi ya IEC 62443, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mifumo ya viwanda, yaani sehemu ya 2-4. Mteja anayeidai kampuni ya watu tisa cheti cha ISO 27001, kile cha kimataifa cha usimamizi wa usalama wa taarifa, ili ikamfungie mota mbili, mwulize kwa adabu kama yeye mwenyewe anacho. Na zile nakala za vitambulisho vya vibarua unazozihifadhi kwenye simu, zitoe huko, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata wewe.

Na ninyi mnaotuma madodoso, niseme kwa kuwa kovu langu bado halijapoa: nyani haoni kundule. Mnatupanga kwa alama bila kukanyaga karakana zetu, kisha mnawapa wakandarasi wote nywila moja ya chumba cha udhibiti, na dodoso lenu linampa mwongo 91 na mkweli 23. Nilikuwa mwongo huyo, kwa hiyo najua jinsi lilivyo rahisi. Saa moja ya kuja kuniambia "nionyeshe" ingeokoa majani yale yote.

Mwezi uliopita tulipata dodoso jingine, la mteja wa pampu za maji. Nimeandika hapana mara 19 kati ya maswali 46, na kila hapana ina tarehe yake. Fundi wangu mkuu alisema nimewaza vibaya na tutakosa kazi. Wametuita Jumatano ijayo. Naenda na diski mbili, laptopu ile ya Windows 7 ambayo sasa haiunganishwi na intaneti wala haiguswi ila kwa kazi ya vidhibiti, na mzee wa Ngamiani ameomba twende pamoja kwa kuwa naye ameitwa.