Usinunue betri ya tatu kwanza

Kaka, kama pikipiki yako imeua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, hapo tatizo sio betri. Kwenye pikipiki hizi za zamani kuna rota yenye sumaku inazunguka na krenki (mhimili unaozungushwa na injini), katikati yake kuna koili za waya zimekaa tu (ndio stata), sumaku ikipita pale umeme unazaliwa, ila ni ule wa kwenda na kurudi, betri haiutaki, ndo maana kuna regyuleta ya kuugeuza na kuuzuia usizidi.

Sasa chukua mita, pima betri injini imezimwa, ikiwa imejaa vizuri utaona kama volti 12.6. Washa, piga resi kiasi, ipande 13.5 mpaka 14.5 hivi. Ikigoma palepale 12 hakuna chaji inayoingia. Ikipita 15 regyuleta imekufa na ndo inakaanga betri zako.

Kama haichaji usikimbilie kubadilisha stata, fungua kwanza ile soketi ya waya za kutoka kwenye stata, nyingi huwa zimeungua zikawa nyeusi kwa kulegea tu. Safisha, na waya wa atha pia (ule unaofungwa kwenye bodi ya pikipiki), kutu inasumbua sana pale. Halafu ndo upime stata, waya zake nyingi ni tatu za njano, ukipima mbilimbili kwa omu (ukinzani) vipimo vikaribiane, na usiwepo waya unaoshika bodi, yaani mita isionyeshe umeme unapita kati ya waya na bodi. Waya ukishika bodi basi koili imeungua, peleka ikasukwe upya, na usimruhusu fundi aunganishe waya moja kwa moja bila regyuleta eti "inachaji vizuri zaidi".