Kamusi ya ugaidi: anza na tarehe

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nafundisha historia kidato cha tano hapa Ngamiani, Tanga. Nikinunua kitabu cha rejea kuhusu ugaidi, nitajuaje kama kinafaa? – Mwalimu

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usihangaike na jalada. Fungua ukurasa wa hakimiliki kwanza: kilichochapwa kabla ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani bado kinafaa kwa mizizi ya ugaidi, ila si kwa sheria. Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ni ya 2002.

Kisha soma ingizo la Mapinduzi ya Ufaransa. Neno la Kifaransa terrorisme, yaani ugaidi, lilianza kwa kuitaja serikali iliyotisha raia wake, 1793 hadi 1794. Kitabu kinachoruka hapo kimekata shina. Mtafute na Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Wajerumani walimwita mwasi. Angalia mwandishi anamwitaje.

Takwimu ndizo zinazoponza wengi. Hazina ya data ya mashambulizi ya kigaidi duniani ya Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, inaanzia 1970, lakini kumbukumbu za 1993 zilipotea. Mwanafunzi akiunganisha 1992 na 1994 kwa mstari mmoja, grafu imedanganya. Mwambie aache pengo.