Kumfuatilia ofisa Mwingereza wa India: pa kuanzia na panapopotosha

Ukipewa jina la ofisa aliyetumikia India, usikimbilie jina. Uliza kwanza: alikuwa wa jeshi lipi? Hadi 1895 palikuwa na majeshi matatu, la Bengal, la Madras na la Bombay, kila moja na orodha yake ya maofisa na namba zake za vikosi. Zaidi ya hayo, vikosi vya jeshi la Uingereza kwenyewe vilipelekwa India kwa zamu, na kumbukumbu za maofisa wake ziko Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, mbali na zile za Kampuni ya East India, iliyomiliki majeshi hayo matatu hadi 1858. Kwa hiyo "kikosi cha 16" peke yake hakikuambii kitu. Christopher Rigby, aliyefika Unguja kuwa balozi mdogo wa Uingereza mwaka 1858, alikuwa wa kikosi cha 16 cha Bombay. Ukimsaka katika cha 16 cha Bengal utamaliza madaftari bila kumwona.

Kama aliajiriwa na Kampuni, fungua karatasi za makadeti, yaani vijana walioomba uofisa, fungu L/MIL/9, British Library, London. Humo utakuta mkurugenzi aliyempa nafasi, elimu yake na cheti cha ubatizo. Angalia hapo: tarehe ya ubatizo si ya kuzaliwa, na wageni wengi huikosea. Kisha nenda kwenye kumbukumbu za utumishi: L/MIL/10 ni Bengal, 11 Madras, 12 Bombay. Ndoa, ubatizo na maziko vimo katika mafungu N/1, N/2 na N/3 kwa mpangilio uleule. Hizi za kanisa ni nakala zilizopelekwa London, basi tafuta jina kwa tahajia tatu nne kabla ya kukata tamaa.

Cheo ndicho kinachopotosha kuliko yote. Katika jeshi la Kampuni mtu alipanda kwa kufuata foleni ya kikosini: aliye juu akifa, akistaafu au akihamishwa, wa chini wanasogea. Aliyeazimwa kwa kazi za kisiasa alibaki kwenye foleni hiyohiyo. Atkins Hamerton, balozi mdogo kabla ya Rigby, alikuja Unguja 1841 akiwa kapteni, akafia hapo Julai 1857 akiwa luteni kanali, bila kuongoza askari vitani miaka yote hiyo. Pia kulikuwa na cheo cha breveti, kilichohesabika jeshini kwa ujumla lakini si ndani ya kikosi, ndiyo maana mtu mmoja huonekana kapteni ukurasa huu na meja ukurasa ule, na zote mbili ni sahihi. Baada ya kuundwa kwa Staff Corps 1861, orodha ya pamoja ya maofisa wasiofungwa na foleni ya kikosi kimoja, cheo kilihesabiwa kwa miaka: mwanzoni 12 kwa kapteni, 20 kwa meja, 26 kwa luteni kanali. Usimsifu mtu kwa umeja wa aina hiyo, alingoja tu.

Usidhani pia kwamba ofisa alikuwapo kikosi chake kilipokuwa. John Hanning Speke, mvumbuzi wa safari za Afrika, alikuwa wa kikosi cha 46 cha Bengal. Kikosi hicho kiliasi Sialkot Julai 1857, katika maasi ya askari wa Kihindi dhidi ya Waingereza, naye wakati huo yuko bara letu la Afrika, safarini na Richard Burton wa kikosi cha 18 cha Bombay. Soma daftari la likizo na kazi za nje kabla ya kumweka mtu kwenye vita yoyote.

Namba zilibadilishwa zaidi ya mara moja. Mabadiliko ya 1903 yana kanuni nyepesi kwa askari wa miguu: cha Madras ongeza 60, cha Bombay ongeza 100. Kikosi cha 101 kilichoshuka Tanga kupigana na Wajerumani Novemba 1914 ni cha 1 cha zamani cha Bombay. Cha 63, kilichokuwa hapo pia, ni cha 3 cha Madras. Kwa Bengal usitumie hesabu hii: namba zake zilipangwa upya baada ya maasi ya 1857, na vikosi vingi vya awali vilikuwa vimekwisha kufutwa.

Kwa maofisa wa Unguja, gawa kazi tangu mwanzo. Balozi mdogo alikuwa na mabwana wawili, serikali ya Bombay na Wizara ya Mambo ya Nje ya London. Barua za London zimo katika fungu FO 54 huko Kew, na za biashara ya utumwa fungu FO 84. Za Bombay tafuta katika kumbukumbu za serikali ya India. Majalada ya ubalozi wenyewe yako Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani. Soma pande zote kwa tarehe, kwa kuwa jambo lililofupishwa kwa London mara nyingine limeelezwa kwa kirefu kwa Bombay.