Shelfu za ukuta mzima bila nguzo: nimjibuje mteja?

SWALI

Shikamoo Fundi. Mimi ni seremala, nina karakana ndogo hapa Mtwara. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, amenipa kazi ya shelfu za kujengea ukutani sebuleni kwake. Mchoro ameuchora mwenyewe baada ya kuona picha kwenye simu. Ukuta una mita 3.2. Anataka shelfu sita kutoka chini hadi darini, kila moja ubao mtupu wa MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18 kutoka ukuta hadi ukuta, na hataki kuona nguzo hata moja. Kina ni sentimita 20. Hapo anataka kupanga vitabu na mafaili yake yote, na soketi mbili za umeme zitabaki nyuma. Nikimwambia haiwezekani, atampata fundi atakayekubali. Nikimjengea hivyo, zitapinda na jina langu litaharibika. Nifanyeje? Na je, ni haki kumtoza hela ya kuchora upya?

Seremala, Mtwara

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Usimwambie haiwezekani, na usimjengee ule mchoro. Yule mama hakuchora kazi ya seremala, amechora anachotaka kukiona akikaa kwenye kochi lake: mistari mirefu iliyonyooka, isiyokatwa. Hilo ni ombi la haki na unaweza kumtimizia. Namna ya kubeba mzigo ni kazi yako wewe, si yake.

Tuanze na mzigo. Mita moja ya vitabu vilivyosimama ina kilo 25 hadi 30 hivi, kwa hiyo shelfu moja ya mita 3.2 ikijaa inakaribia kilo 100. MDF haipindi yote siku ya kwanza. Inaendelea kulegea mwezi baada ya mwezi, na kwa unyevu wa pwani yetu inalegea upesi zaidi, na ikishalegea hairudi. Isitoshe, bodi inauzwa ikiwa na urefu wa mita 2.44, kwa hiyo huo ubao mmoja anaoutaka ungekuwa na kiungo hata hivyo.

Sasa shika hesabu hii, maana itakufaa maisha yako yote. Kwa mzigo ulioenea sawasawa, ukipunguza nafasi kati ya nguzo kwa nusu, mpindo haupungui kwa nusu. Unabaki sehemu moja ya 16. Ukigawa ukuta wake mara nne, kila nafasi sentimita 80, unabaki sehemu moja ya 256. Ndiyo maana nguzo tatu nyembamba zinafanya kazi ambayo ubao mnene hauwezi kuifanya peke yake.

Nguzo hizo zifiche. Zirudishe nyuma sentimita 4 au 5 kutoka ukingo wa mbele, uzipake rangi ileile ya ukuta. Halafu kila shelfu iwekee mbele ubao wa kusimama wa mtiki wenye kimo cha milimita 45, ubandike kwa gundi na skrubu kutokea nyuma, upite mfululizo kutoka ukuta hadi ukuta. Shelfu zenyewe tumia plaiwudi ya milimita 18, siyo MDF. Viungo vya plaiwudi viangukie juu ya nguzo, na viungo vya mtiki uvipishanishe navyo. Ubao huo unaongeza nguvu, na jicho linauona kama shelfu nene iliyonyooka. Ndiyo picha aliyoiona kwenye simu. Shelfu zenyewe tumia plaiwudi ya milimita 18, siyo MDF.

Kama ataogopa kwamba kugawanya shelfu kwa nguzo kutaharibu sura, mwonyeshe picha za zidaka za nyumba za kale za Lamu. Ukuta mzima wa ndani umegawanywa vishubaka vidogo vya chokaa, na bado mtu akiingia anauona kama pambo moja. Mimi sijaona kazi ya ukutani iliyoizidi ile kwa uzuri, na walioifanya ni mafundi wa pwani hii hii.

Kina cha sentimita 20 hakimfai. Faili la boksi la ofisini litaning'inia mbele karibu sentimita 8. Usibishane naye. Mwombe akuletee faili lake kubwa kuliko yote na kitabu chake kirefu kuliko vyote, pima mbele yake, halafu chora kwa chaki ukutani shelfu zote kwa ukubwa wake halisi. Mwambie anyooshe mkono kufikia ile ya juu. Mara nyingi hapo mteja mwenyewe ndiye anayebadilisha mchoro. Mafaili yatakaa chini kwenye kina cha sentimita 32, vitabu juu kwenye 25.

Ukuta upime kwa timazi na pimamaji, upana uupime chini, katikati na juu. Kuta zetu za tofali na plasta hazinyooki. Jenga kwa kipimo kidogo kuliko vyote, acha sentimita 2 kila upande, pengo uzibe kwa ubao mwembamba uliorandwa kufuata umbo la ukuta. Chini inua sentimita 10 kwa ubao mgumu, maana sakafu hudekiwa kila siku na maji yatafika. Soketi usizifunike kabisa: mwite fundi umeme azisogeze, au ukate nafasi inayofikika kwa mkono.

Akisikia yote hayo na bado akataka ule ubao mtupu wa mita 3.2, mshukuru kwa heshima na uiache kazi.

Kuhusu hela ya kuchora: mtoze. Ni kazi ya kichwa na ya muda wako. Mwandikie kwenye risiti kwamba itakatwa kwenye ufundi akikupa kazi. Mchoro uwe na vipimo, aina ya mbao na rangi, na uwe na sahihi yake na yako kabla hujanunua hata karatasi ya msasa.