Muulize Bibi: Nikisukia barazani wananiiga, nijifungie ndani?

Shikamoo Bibi. Mimi ni msusi wa mikeka ya ukindu hapa Kilwa Kivinje, kazi niliyoirithi kwa mama. Mwaka jana nilibuni ukili (ule utepe wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka) wa zambarau, kijani na ukindu mweupe, nikawa nausukia barazani kama kawaida yetu. Haukupita muda, majirani zangu wawili wakaanza kupeleka gulioni mikeka ya ukili uleule, tena kwa bei ya kutupa. Mume wangu anasema nifunge mlango nisukie ndani. Na hapohapo ustadhi wa madrasa ameniomba niwafundishe mabinti kila Jumamosi. Yaani niwafundishe, kesho waniharibie soko?
*Msusi, Kilwa Kivinje*

Marahaba mwanangu. Mumeo msalimie sana, na mwambie nia yake ni njema ila hajawahi kushika chane, vile vipande vya ukindu vya kusukia. Ndani ya nyumba zetu hizi, zambarau na nyeusi ni kitu kimoja. Utasuka asubuhi nzima, ukitoka nje na pima zako za ukili unakuta rangi zimeruka mstari, na ukili haufumuki bila kuuumiza.

Halafu huo mlango unamfungia nani? Msusi akiutaka ukili wako hana haja ya kukuchungulia. Ananunua mkeka mmoja, anaugeuza, anaifuata chane moja kwa kidole aone inapita juu ya ngapi na chini ya ngapi, basi. Mimi nimefanya hivyo, mama yako amefanya hivyo, na wewe pia, tusidanganyane.

Nikupe habari ya Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, hukohuko kusini kwenu. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vibao vya dari. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Piga hesabu: miaka minne tu. Kazi hiyo ingezikwa naye siku ileile. Haikuzikwa kwa kuwa alikuwa akichora huku jamaa zake wakiwa wamemzunguka, akina Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata na January Linda, wakimwona anavyoitandaza rangi ya nyuma, anavyomweka mnyama, anavyomalizia madoa. Hao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wakawa na chama chao cha ushirika. Wapo wanaolalamika kwamba wanaigana mno, na ni kweli, ukipita pale Oysterbay, Dar es Salaam, wanakouzia, utachoka na twiga. Lakini watu wanasomesha watoto kwa hao twiga.

Najua utaniuliza habari za sheria. Ipo, ni Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndio wanaoisimamia. Inalinda kazi uliyoibuni na kuitengeneza, siyo wazo wala namna ya kusuka, na namna yenyewe uliipata kwa mama yako, naye kwa mama yake. Ikiwa kiwanda kitauchukua ukili wako kikauchapa kwenye mikeka ya plastiki, nenda COSOTA, na mimi nitakusindikiza. Lakini jirani wa ukuta kwa ukuta? Unaweza kushinda, kisha siku ya msiba ukakosa wa kukukunia nazi.

La kufanya ni hili. Bei yao usiifukuzie. Kaangalie mikeka yao vizuri, hasa mshono. Anayeuza kwa bei ya kutupa amepunguza pahala, na mara nyingi amepunguza kwenye uzi. Shazia, ile sindano ya kushonea mikeka, inapita mbali mbali, na mkeka unaanza kuachana kabla ya Ramadhani ya pili. Wewe shona kwa karibu, maliza pindo zako vizuri, na kwenye pembe moja tia chane mbili za rangi ambayo huitumii mahali pengine popote, iwe alama yako. Mnunuzi mfundishe kuitafuta. Na kama unataka siri, basi weka ya rangi: kiasi cha unga wa rangi sufuriani na muda wa kuuacha ukindu motoni. Hiyo haisomeki mgongoni mwa mkeka. Zambarau yako isipochuja, watarudi kwako wenyewe.

Madrasa nenda. Ila usiende kienyeji. Mwambie ustadhi kila binti aje na ukindu wake, kwa sababu ukindu wa bure unachezewa. Omba na wewe chochote, hata kama ni debe la mchele kwa mwezi. Kinachofundishwa bure hukosa wanafunzi msimu wa korosho. Usiwaanzishie mkeka, watakata tamaa. Waanze na kipepeo au kawa, kitu ambacho binti anakimaliza na kukipeleka nyumbani, mama yake akakifunikia chakula wageni wakiwepo. Waonyeshe mapema kuzifunga chane kwenye kitambaa kibichi, maana zikikauka mkononi zinakatika, na binti atadhani ni yeye hajui. Kati yao wote, labda wawili watakuwa wasusi. Waliobaki watakuwa wateja wanaojua kwa nini mkeka wako una bei ile, na hao ndio wanaokosekana leo.

Na jingine. Naona siku hizi msanii akitaka watu waione kazi yake anaitundika ukutani. Mkeka haukuumbwa kwa ukuta. Chukua ule mzuri kuliko yote, ndiyo, uleule unaomwekea tajiri wa Dar es Salaam, uazime kwenye maulidi ya mtaa, au arusi, au khitma. Watu waukalie. Mwanamke akikaa juu ya mkeka kwa saa mbili, mkono wake hautulii, atapapasa ukili, atakwangua pindo, mwisho atauliza, "Huu wa nani?" Mkeka hutangazwa na makalio ya watu, mwanangu, na mhariri akilikata neno hilo nitamtumia tena.

Shikamoo nyanya. Mimi ni mchongaji hapa Changamwe, Mombasa. Vinyago vyetu vyote vinanunuliwa na watalii. Majirani wangu hawajui hata ninafanya nini. Nataka kuwaonyesha kazi yangu lakini sina pesa za kukodi ukumbi.
*Mchongaji, Changamwe*

Marahaba. Ukumbi wa nini, na wewe una kivuli? Mko kwenye mtaa ambao ushirika wa wachongaji wa Kikamba umekuwepo tangu 1963, na ufundi wenyewe ulifika Wamunyu, kule Ukambani, kwa mtu mmoja, Mutisya wa Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi kwao. Toa gogo nje, uchonge Jumapili jioni. Na siku hiyo usichonge simba. Chonga mwiko, chonga mbuzi ya kukunia nazi. Tumia mwarobaini, ambao wachongaji wengi wa kwenu wameugeukia baada ya mpingo na muhugu kuadimika. Kila mama wa mtaa ameshawahi kuchemsha majani yake kwa ajili ya homa, kwa hiyo atakuwa na la kukuambia kuhusu mti wako hata kabla hajaona unachonga nini. Acha watoto waguse. Patasi tu ndiyo uizuie.

Bibi, mimi ni kijana wa Lamu, nashona kofia za viua, zile za kutariziwa kwa mkono. Nikikaa barazani na sindano wenzangu wananicheka kwamba ni kazi ya wanawake. Niache?
*Mshonaji, Lamu*

Lamu hiyo ninayoijua mimi, ambako wanaume wanashona kofia miaka nenda miaka rudi? Hao wanaokucheka hawajakaa na babu zao. Endelea kushona hapohapo mbele yao. Kofia ikiisha ifue, itie wanga, ivalishe kwenye furuma, kile kigogo cha kofia, ikae sawa, kisha uivae wewe mwenyewe Ijumaa. Wakikuuliza bei, wa kwanza kucheka mtajie kubwa zaidi.